Fisi Wangu Amehamia kwa Wagika

Mashimba Chenge,
Manju wa Ngoma ya Wagalu,
Igombe,
Mwanza.
12 Julai, 1995

Kwa Afisa Maliasili,
Mwanza.

YAH: FISI WANGU KATIBU KUGEUZWA MGIKA NA WATUMISHI WA KITUO CHA KUUGUZIA WANYAMA

Ndugu Afisa,

Nilianza kwa kuandika "Mheshimiwa", nikafuta. Siku hizi kila mtu ni mheshimiwa, hata anayeuza mitumba Mirongo, nami sikutaka nikushushe hadhi. Kuhusu salamu, ungekuwa umenizidi umri ningekuamkia, lakini nimeulizia pale ofisini kwako nikaambiwa una miaka thelathini na minne. Basi nakuitikia marahaba kabisa, utaniamkia tukionana. Mimi na mke wangu Hellen hatujambo, isipokuwa mimi.

Najua wewe ni mtu wa Lindi, na mambo ya huku unayasoma kwenye mafaili, kwa hiyo acha nikueleze kidogo. Kwetu Usukumani, pamba ikishavunwa, watu hucheza ngoma za mashindano. Kuna Wagalu na kuna Wagika. Ukishaingia upande mmoja ndiyo basi, hutoki mpaka ubebwe. Siku ya mashindano pande zote mbili hupiga ngoma katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda wanakopenda. Wenye watu wengi ndio washindi. Hakuna hakimu, hakuna filimbi, hakuna rufaa. Ndiyo maana kila manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake, hutafuta kitu cha kuvuta watu. Wengine wana chatu. Wengine wana nungunungu. Mimi nilikuwa na fisi.

Fisi huyo anaitwa Katibu, kwa sababu tangu mdogo hakukosa kikao chetu hata kimoja na hakuwahi kuchangia lolote. Nilimwokota mwaka 1991 karibu na Misungwi, mama yake akiwa amegongwa na lori. Nimemfuga nyumbani kwangu miaka minne bila kibali chochote cha Serikali, jambo ninalolitaja ili ujue kwamba nina uzoefu wa kutosha. Mwezi wa tatu mwaka huu gari moja la kubebea samaki lilirudi nyuma bila kuangalia, likamvunja Katibu mguu. Nilimpakia kwenye toroli nikamsukuma kilomita tatu hadi kituoni huku nalia. Naomba sentensi hiyo ya mwisho isiingie kwenye faili.

Kituo chenyewe unakijua, kipo ufukweni. Kina watu watatu. Wa kwanza ni Mama Gladness, muuguzi mstaafu, ambaye baada ya kuuguza binadamu miaka thelathini aliamua kuhamia kwa wagonjwa wasiobishana naye. Wa pili ni Salehe, mwenye bucha Mabatini, anayeleta mabaki ya nyama kila alfajiri kwa baiskeli. Wa tatu ni Bibi Ng'washi, anayepika na kulisha, na ndiye kiini cha barua hii. Wengine ni sisi wanakijiji. Wanawake hupeleka vichwa vya sangara, wavuvi hupeleka dagaa, na seremala alivunja vitanda vyake vibovu akavigeuza vizimba. Nisingekuwa na malalamiko ningewasifu sana. Lakini ninayo, na nimeyapanga kwa namba ili usichoke.

1. Kuhusu jinsia. Wakati anamfunga Katibu plasta, Mama Gladness alitangaza mbele ya watu wapatao ishirini kwamba Katibu ni jike. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba nimeishi na mnyama huyu miaka minne na macho ninayo. Akanieleza taratibu, kwa sauti ile ya kumwambia mtu habari za msiba, kwamba fisi jike ameumbwa hivyo hivyo, na si mimi wa kwanza kudanganyika. Ndugu Afisa, nimetunga nyimbo kumi na tisa za kumsifu Katibu kama dume. Katika wimbo wa nne nimemwoza wake wawili. Katika wa kumi na moja ana wajukuu. Nani atazirekebisha nyimbo hizo, kwa fungu gani la Serikali? Hellen alicheka mpaka akakaa chini, na hajaacha vizuri hadi leo.

2. Kuhusu malezi. Kwangu Katibu alikuwa anakula kila kitu. Alikula kamba ya mbuzi, akala kiatu cha Hellen cha kanisani, akala kadi ya mwaliko wa harusi tuliyokuwa hatutaki kwenda. Kituoni wamemfundisha anasa. Nyama inaoshwa. Inakatwa vipande. Inakuja kwa saa maalumu ndani ya beseni safi. Mwezi wa tano nilimpelekea ndala mpya kabisa, zawadi kutoka kwangu, aliinusa kidogo kisha akanitazama kwa huruma.

3. Kuhusu wimbo. Hapa naomba ukae vizuri. Mama Gladness ana utaratibu wake: mnyama aliyeumia anakuwa na hofu, lakini akisikia sauti ile ile na maneno yale yale kila kabla ya chakula, anatulia, anakula, anapona. Utaratibu mzuri, siupingi. Mwari aliyevunjika bawa anaimbiwa. Kima wanaimbiwa. Kobe naye anaimbiwa, ingawa haijulikani kama anajali. Tatizo ni kwamba mwimbaji ni Bibi Ng'washi, Mgika wa kuzaliwa na wa kuzikwa, na wimbo aliouchagua, katika nyimbo zote zilizopo duniani, ni ule alioutunga Nkwabi mwaka 1989.

Nkwabi ni manju wa Wagika. Wimbo huo aliutunga mahususi kwa ajili ya kuniharibia. Nikitafsiri mwanzo wake kwa Kiswahili ni hivi:

Mashimba ana ngoma, hana watu,
Mkewe mwenyewe yuko kwetu anatazama.

(Hellen anasema mwaka ule alikwenda upande wa Wagika kumtafuta mtoto wa dada yake. Nimekubali maelezo hayo.)

Sasa piga hesabu nami. Mara mbili kwa siku, kwa siku mia moja na ishirini. Mara mia mbili na arobaini fisi wangu amepewa chakula huku mimi natukanwa kwa jina. Nilikwenda kulalamika kwa Bibi Ng'washi mwenyewe. Aliniita baba, akanipa kiti, akanipa na uji, kisha akasema kwamba nyimbo za Wagalu aliwahi kujaribu, kima wakasusa chakula.

4. Kuhusu siku ya Saba Saba. Mama Gladness alikubali Katibu aje uwanjani kwa masharti kumi na moja, likiwamo la wachezaji wangu kutokula moto karibu naye na la Salehe kuwapo muda wote. Nikakubali yote. Ilipofika saa tisa mchana uwanja mzima ulikuwa wetu. Nasema mzima. Nkwabi alikuwa amebaki na ndugu zake, wauza miwa wawili na mlevi mmoja ambaye alilala hapo tangu asubuhi. Katibu alitembea kwa madaha kwenye mguu wake mpya, watu wanapiga vigelegele, na mimi kamba nimejifunga kiunoni, kama ilivyo desturi yangu, ili mikono ibaki huru kwa kucheza.

Nkwabi alipoona ameishiwa kabisa, akauanzisha ule wimbo.

Katibu alisimamisha masikio. Kisha udenda ukaanza kumtoka. Kisha akaondoka. Ndugu Afisa, sijui kama umewahi kufungwa kiunoni na fisi mwenye njaa. Mimi nilivuka uwanja wote kwa tumbo, na manyoya yangu ya mbuni, na njuga zangu, nikipita mbele ya watu ninaoheshimiana nao, wakiwamo mwalimu mkuu na mkwe wangu kutoka Magu. Umati ulidhani ni staili mpya. Wakatufuata wote, wakishangilia. Kwa maneno mengine, katika Wagalu wote waliohamia kwa Wagika siku ile, mimi manju wao ndiye niliyefika wa kwanza.

Katibu alikaa chini mbele ya Nkwabi, akafungua mdomo, akangoja beseni. Uwanja mzima ukaimba kwamba sina watu. Zawadi ya ushindi, dume la ng'ombe lililotolewa na mnunuzi binafsi wa pamba, likaenda kwa Wagika, na Nkwabi alipolipokea alinishukuru hadharani kwa kumletea msafara.

5. Kuhusu madhara. Wachezaji wangu kumi wamehama. Nikiwauliza sababu wanasema wamemfuata kiongozi. Wanafunzi wakipita kwangu wanaamkia "shikamoo Mgika", na mimi nalazimika kuitikia kwa sababu shikamoo ni shikamoo. Jumapili hii tarehe 16 kikao cha Wagalu kitakaa kuamua kama naendelea kuwa manju au la. Hapo sitanii. Nimeongoza ngoma hii miaka ishirini na miwili. Nilipopunguzwa kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, pamoja na wenzangu sitini, wengi wao walikaa tu nyumbani wakanyauka. Mimi niliendelea kuitwa manju, watu wakanipisha njiani. Wakininyang'anya hiyo, nitabaki mzee mmoja wa Igombe anayejulikana kwa kuburutwa.

6. Kuhusu vyama vingi. Kuna wajuaji wanaosema kwamba sasa ni soko huria na mfumo wa vyama vingi, kwamba hata wakubwa wanahama kila wiki, sembuse fisi. Kwamba Katibu ametumia haki yake. Nami nauliza: aliwahi kusomewa sera za pande zote mbili? Alipewa muda wa kutafakari? Mnyama anayelishwa na upande mmoja asubuhi na jioni kwa miezi minne si mwanachama. Ni mpiga kura aliyehongwa utumbo. Na mwaka wenyewe ni huu wa uchaguzi, kwa hiyo jambo hili ukiliacha, usije ukashangaa mwezi wa kumi.

Kwa hayo yote, naiomba ofisi yako itekeleze yafuatayo:

(a) Bibi Ng'washi aendelee na kazi, kwa kuwa uji wake ni mzuri, ila awe kimya.

(b) Kama kimya hakiwezekani, mlo wa asubuhi uimbiwe Kigalu, mlo wa jioni Kigika, na Jumapili wanyama waimbiwe nyimbo za kanisani, ambazo hazina upande.

(c) Wanyama wote waliopo waandikishwe na wagawanywe. Niko tayari kumwachia Nkwabi kobe. Mwari namtaka mimi. Kima wapige kura ya siri.

(d) Iundwe tume ya watu watatu wasio Wasukuma. Katibu awekwe katikati ya uwanja, pande zote ziimbe kwa dakika sawa, wote tukiwa tumeshiba, na wawepo waangalizi. Nasikia wa kutoka ng'ambo wanakuja mwezi wa kumi kwa ajili ya uchaguzi. Wakitangulia kidogo wanaweza kujifunzia kwetu.

(e) Wakati tume inafanya kazi, kuimba kusimamishwe Igombe nzima, pamoja na kwaya, wavuvi wakati wa kuvuta nyavu, na akina mama wanaobembeleza watoto.

(f) Yote hayo yakishindikana, kituo kifungwe, Katibu arudishwe kwangu, na wanyama wengine warejeshwe katika hali waliyokuwa nayo kabla ya kuhudumiwa. Mwari avunjwe bawa kwa uangalifu. Hili limeniuma kuliandika, lakini haki haiwezi kwenda nusu.

Nakutakia kazi njema na afya ya kuisoma barua hii mara mbili. Wasalimie wote hapo ofisini, yule karani aliyenipa umri wako, mlinzi wa getini, na familia yako ya Lindi ambayo sijaijua lakini naamini hawahusiki. Hellen naye anakusalimu, amesoma barua na amesema nikifute kipengele cha kwanza. Nimekataa.

Ni mimi mwenye fisi,

Mashimba Chenge,
Manju wa Wagalu (hadi tarehe 16).

Nakala:
Afisa Utamaduni.
Mwenyekiti wa Kijiji, Igombe.
Kituo cha Kuuguzia Wanyama (nitaipeleka kwa mkono).
Bwana Nkwabi (asipewe).

TANBIHI, Alhamisi tarehe 13.

Ndugu Afisa, barua nilikuwa nimeshaifunga na gundi imekauka. Lakini kwa kuwa haki inataka anayelalamikiwa apewe nakala yake, leo asubuhi nilikwenda kituoni kuikabidhi. Nilivaa koti.

Nilimkuta Mama Gladness amekaa chini kabisa, nje ya kizimba cha Katibu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona amekaa. Salehe alikuwa amesimama na beseni, hajui aliweke wapi. Katibu hajala tangu Ijumaa ile. Bibi Ng'washi sauti yake iliishia uwanjani siku ya Saba Saba, kwa kunishangilia mimi nilipokuwa naburutwa, na hadi leo hata kunong'ona hawezi. Bila wimbo, Katibu hagusi kitu. Kima waliimbiwa tenzi za kanisani na Mama Gladness wakaridhika. Mwari aliridhika. Kobe hajali. Lakini Katibu walimwimbia tenzi, wakapiga beseni, Salehe akafikia hadi kusoma kasida, mnyama akalala tu na kutazama ukuta. Mbavu zinahesabika. Ule mguu uliopona umeanza kutetemeka.

Nikawauliza kwa nini hawakumwita Nkwabi. Wakasema amekwenda Kahama kuuza dume, hajulikani atarudi lini.

Mama Gladness hakuiangalia hata nakala. Alisema, "Mzee Mashimba, wewe huo wimbo unaujua?"

Ndugu Afisa, naujua. Hakuna Mgika chini ya jua anayeujua kama mimi. Nkwabi mwenyewe huruka ubeti wa tatu kwa kuwa unampandia juu sana. Mimi nimeusikiliza miaka sita, neno kwa neno, nikitafuta penye kosa nimjibu, na nimekosa pa kushika. Na wewe usiye wa huku uelewe jambo moja: manju akitamka wimbo wa upande wa pili kwa kinywa chake, kikao hakihitajiki tena. Amejiuzulu mwenyewe.

Niliwaomba wageuke. Salehe aligeuka. Mama Gladness alisema ameona makubwa kuliko hayo wodini.

Nikaimba. Niliimba kwamba Mashimba ana ngoma, hana watu. Niliimba kwamba mke wangu yuko kwao anatazama. Niliimba beti zote tano, na ule wa tatu niliupanda hadi juu, sauti haikukatika, na hapo nilisahau kabisa kwamba anayetukanwa ni mimi. Wanawake waliokuwa wanaleta vichwa vya samaki walisimama kwenye uzio na ndoo kichwani, wakaanza kuitikia. Katibu alinyanyuka. Alikuja mwenyewe kwa miguu yake minne, akala beseni lote, akanilamba mkono hadi kwenye kiwiko. Nililia tena. Hiyo unaweza kuiweka kwenye faili.

Kwa hiyo naomba barua hii uichukulie kama haijaandikwa, hasa kipengele cha mwari. Jumapili sitakwenda kwenye kikao, kwa sababu siku hiyo ni zamu yangu ya kulisha. Wimbo wenyewe, nikisema kweli, umetungwa vizuri.

Jioni nilirudia. Habari zilikuwa zimeshasambaa, Wagalu na Wagika wamechanganyika kwenye uzio, wengine wamebeba watoto mabegani. Nilipokuwa naimba kwamba sina watu niliwahesabu, walikuwa sitini na watatu.